Kusoma Kibandiko cha Nembo ya Ukoo Ndani ya Kitabu cha Kale: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Ukifungua kitabu cha zamani kilichochapishwa Ulaya, hasa kilichojaladiwa kwa ngozi, mara nyingi utakuta upande wa ndani wa jalada la mbele kumebandikwa kikaratasi cha ukubwa wa kiganja au kidogo zaidi, chenye picha ya ngao, kofia ya chuma, mnyama wa ajabu na utepe wa maneno ya Kilatini. Hicho ni kibandiko cha mwenye kitabu, ambacho Wazungu hukiita kwa Kilatini ex libris, yaani "miongoni mwa vitabu vya" fulani. Kazi yake ya wazi ni kumkumbusha aliyeazima kwamba kitabu kina mwenyewe. Kwa kazi hiyo, hata hivyo, jina lililoandikwa kwa wino lingetosha. Familia iliyomlipa fundi achonge ngao yake juu ya bamba la shaba ilikuwa ikinunua kitu cha ziada: nafasi ya kumtangazia kila atakayefungua kitabu kwamba mwenyewe ametoka katika ukoo unaojulikana, ana wazee wanaotajika, na pengine ana cheo.

Mwongozo huu unamhusu msomaji aliyepata kitabu cha namna hiyo, kwa urithi, kwa muuza vitabu vya mitumba au katika ghala la maktaba, naye angependa kujua kibandiko kinasema nini. Nimeegemea zaidi vibandiko vya Uingereza kwa sababu ndivyo vinavyopatikana kwa wingi katika vitabu vilivyoletwa huku kwetu wakati wa ukoloni, ingawa mwanzo wa desturi yenyewe uko Ujerumani. Rai yangu kabla ya hatua yoyote ni kwamba kibandiko kichukuliwe kama dai lililoletwa barazani na mwenye shauri. Huenda ni la kweli, huenda limetiwa chumvi, na mara nyingine ni la kubuni kabisa. Kazi ya msomaji ni kulisikiliza lote kwanza, kisha kulipima.

Chimbuko lake kwa ufupi

Miongoni mwa vibandiko vya kuchapwa vya kale zaidi vinavyojulikana ni kile cha Hildebrand Brandenburg wa mji wa Biberach, kilichochapwa kwa ubao wa kuchonga yapata mwaka 1480 na kupakwa rangi kwa mkono. Kinaonyesha malaika aliyeshika ngao yenye picha ya fahali. Kiliwekwa katika vitabu ambavyo Brandenburg aliipa nyumba ya watawa ya Buxheim, kwa hiyo tangu mwanzo kibandiko kilifanya kazi ambayo mtu wa pwani yetu ataitambua mara moja: ni kama maandishi ya wakfu yanayokutwa katika miswada ya Kiarabu ya Lamu, yanayomtaja mtoaji ili aombewe. Tofauti ni kwamba Brandenburg hakutosheka na jina. Alitaka ngao yake ibaki machoni pa watawa.

Hatua ya kwanza: usikibandue

Hatua hii haihitaji maneno mengi, ila ndiyo inayovunjwa zaidi. Kibandiko kilichotolewa kitabuni hupoteza nusu ya ushahidi wake, kwa sababu kitabu chenyewe, mwaka wake wa kuchapishwa, sahihi zilizo kwenye kurasa za mwanzo na mihuri ya maktaba ndivyo vinavyoonyesha nani alikuwa nacho na lini. Usikiloweshe maji wala kukipitishia mvuke wa birika ili gundi ilegee. Kipige picha kikiwa mahali pake, mara moja kwa mwanga wa kawaida na mara nyingine kwa tochi iliyolazwa ubavuni mwa ukurasa, maana mwanga wa ubavuni huonyesha mikwaruzo na mabonde ambayo jicho halikuyaona. Andaa pia lenzi ya kukuzia, rula yenye milimita na penseli. Kalamu ya wino isisogee karibu na kitabu.

Hatua ya pili: tazama karatasi na namna ya uchapaji

Kabla ya kusoma ngao, jua kilichapwaje, kwa sababu uchapaji haudanganyi kirahisi kama maneno. Chapa ya bamba la shaba huacha bonde jembamba kuizunguka picha yote, pale ukingo wa bamba ulipoibana karatasi yenye unyevu, na mistari yake ya wino huwa imeinuka kidogo juu ya karatasi. Kibandiko kilichokatwa karibu sana na picha huwa kimepoteza bonde hilo, basi tegemea mistari. Chapa ya ubao haina bonde la namna hiyo na mistari yake ni minene zaidi. Ukiona kupitia lenzi vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu kama wavu, hiyo ni kazi ya kupiga picha na kuhamishia chapani, nayo haiwezi kuwa ya kabla ya mwisho wa karne ya 19 hata kama ngao imechorwa kwa mtindo wa mababu.

Kama kipo kikaratasi kilicholegea chenyewe, kiinue kuelekea mwanga. Karatasi ya zamani ilitengenezwa juu ya fremu ya nyaya, na alama za nyaya hizo huonekana kama mistari iliyopangana. Karatasi laini isiyo na mistari ilianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1750 kwa kazi ya James Whatman, na ilichukua muda kuenea. Karatasi laini chini ya ngao inayodai kuwa ya mwaka 1700 ni sababu ya kutosha ya kusita.

Hatua ya tatu: soma maandishi, na usiiamini tarehe haraka

Nakili kila neno kama lilivyo, pamoja na vifupisho. Neno Esq. baada ya jina lilikuwa la heshima kwa mtu wa tabaka la waungwana asiye na cheo cha Sir, na kadiri miaka ilivyokwenda lilitumiwa na yeyote aliyejiona anastahili. Jina la nyumba au shamba kubwa likifuata jina la mtu, jua kwamba hapo ardhi ndiyo inayozungumza. William Penn, mwasisi wa koloni la Pennsylvania, alikuwa na kibandiko cha mwaka 1703 ambacho chini ya ngao kilimtaja kuwa mmiliki wa Pennsylvania, kana kwamba anataja shamba nyuma ya nyumba. Penn alikuwa Mkweka, mtu wa madhehebu yaliyokataa hata kumvulia mkubwa kofia. Ngao hakuiacha.

Tarehe iliyochapwa inaweza kuwa tarehe ya tukio, wala si ya kuchongwa kwa bamba. Mfano maarufu uko Cambridge. Mfalme George I alinunua maktaba ya Askofu John Moore na kuizawadia chuo kikuu mwaka 1715, na kibandiko cha vitabu hivyo kinausifu ukarimu wa mfalme na kuutaja mwaka huo. Bamba, hata hivyo, lilichongwa na John Pine miaka mingi baadaye. Anayekisoma bila tahadhari atadhani anaangalia sanaa ya 1715.

Utepe wenye maneno mafupi, mara nyingi ya Kilatini, ni kaulimbiu. Kwa sheria ya Uskoti kaulimbiu ni sehemu ya nembo iliyosajiliwa; kwa Waingereza wa kusini mtu huweza kujichagulia yake. Kwa hiyo kaulimbiu husaidia kukisia familia, lakini peke yake haithibitishi kitu.

Hatua ya nne: pima cheo kwa vitu vilivyoizunguka ngao

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote, na ndipo wanaoanza wanapojikwaa. Ngao yenyewe inataja ukoo. Cheo cha mtu hutajwa na vilivyo juu yake na kando yake.

Anza na washika ngao, yaani viumbe wawili wanaosimama kulia na kushoto. Mtanzania hahitaji maelezo marefu, kwa kuwa ngao ya taifa lake ina mwanamume na mwanamke walioishikilia, ndiyo maana watu huiita "bibi na bwana". Mkenya ana simba wawili, na Mganda ana swala na korongo. Kwa familia za Uingereza, washika ngao hawakuwa wa kila mtu. Kwa kawaida walitengewa malodi, wenye nishani za juu na makundi machache mengine, wakiwemo baadhi ya wakuu wa koo za Uskoti. Ukiwaona, uko mbele ya familia kubwa sana au ya muongo mwenye ujasiri.

Kisha hesabu taji. Malodi wa Uingereza wana ngazi tano, na kila ngazi ina taji lake, ambalo mchoraji humwonyesha mtazamaji upande mmoja tu. Baroni ana vitufe 4 vinavyoonekana kati ya 6, bila majani. Vikaunti ana vitufe 16 ambavyo kwa kawaida huonekana 9, vimepangwa kwa kubanana. Erli ana vitufe 5 vinavyoonekana, vimeinuliwa juu ya miiba mirefu, na kati yake kuna majani ya stroberi yaliyo chini. Makwesi ana majani 3 na vitufe 2 vinavyoonekana, na duki ana majani 5 yanayoonekana bila kitufe hata kimoja. Mabaroni hawakuwa na taji kabla ya Mfalme Charles II kuwapa mwaka 1661, basi taji la baroni katika kibandiko kinachodaiwa kuwa cha zamani kuliko hapo linajifichua lenyewe.

Mtego mkubwa uko hapohapo. Juu ya kofia ya chuma husimama umbo la mnyama, mkono au chombo, ambalo kwa kulifananisha na manyoya ya kichwani mwa ndege nitaliita kishungi. Kishungi hukaa ama juu ya kitambaa kilichosokotwa, kinachofanana kabisa na kata ya kubebea ndoo, ama ndani ya taji dogo lenye majani matatu. Taji hilo dogo ni sehemu ya kishungi wala halina uhusiano na cheo. Nimewahi kumwona mtu akimtangazia mnunuzi kwamba kitabu kilikuwa cha duki, kumbe mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida ambaye kunguru wake alichomoza kutoka katika taji la majani matatu. Taji la cheo hukaa moja kwa moja juu ya ngao, chini ya kofia ya chuma, nalo ndilo la kuhesabiwa.

Kofia ya chuma nayo ina lugha yake. Iliyofungwa na kutazama upande ni ya muungwana asiye na cheo. Iliyofunguliwa uso na kutazama mbele ni ya mwenye cheo cha Sir au ya baroneti. Yenye fito mbele ya uso na kutazama upande ni ya lodi. Wachongaji wengi hawakuwa makini na hili, kwa hiyo litumie kuunga mkono ushahidi mwingine.

Alama nyingine mbili zinastahili kukaririwa. Mkono wa binadamu uliokatwa kwenye kifundo, ukionyesha kiganja ndani ya kingao kidogo, ni alama ya baroneti, cheo cha kurithi kilichoanzishwa na Mfalme James I mwaka 1611. Cheo hicho kiliuzwa waziwazi: mtu alilipa gharama ya kuwatunza askari 30 kwa miaka mitatu kwa ajili ya Ulster huko Ireland, ndiyo maana mkono ule ni wa Ulster. Mkanda wenye bizimu unaoizunguka ngao na maneno ya Kifaransa Honi soit qui mal y pense ni wa nishani ya Garter, iliyoanzishwa na Edward III katika miaka ya 1340. Huu haununuliwi dukani.

Kwa upande wa vitabu vya makoloni, uwe macho na picha zinazofanana na nembo za ukoo lakini ni za serikali. Kichwa cha twiga kilikuwa alama ya Tanganyika chini ya Waingereza, na simba mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma alikuwa wa Koloni la Kenya. Ukikuta alama hizo, usitafute familia.

Hatua ya tano: fuatilia ndoa na urithi

Ngao iliyokatwa wima katikati ni cheti cha ndoa kilichochorwa. Nusu ya mume iko kulia kwa mtu aliyeibeba ngao kifuani, yaani kushoto kwako wewe unayeitazama, na nusu ya ukoo wa mke iko upande wa pili. Ngao iliyogawanywa robo nne au zaidi inaeleza kwamba mahali fulani katika vizazi vilivyopita mwanamke asiye na kaka alimletea mumewe urithi wa nembo, na watoto wao wakaibeba pamoja na ya baba. Mume wa mwanamke kama huyo, wakati wa uhai wake, huiweka ngao ya mke ikiwa ndogo katikati ya yake. Nembo ilitembea njia ileile iliyotembewa na ardhi, kwa hiyo robo nyingi katika ngao ni historia ya mashamba yaliyounganishwa kwa harusi.

Mwanamke mwenye kibandiko chake mwenyewe, akiwa hajaolewa au akiwa mjane, alitumia umbo la almasi badala ya ngao, bila kofia ya chuma na bila kishungi, kwa hoja kwamba hakwenda vitani. Mjane hujulikana kwa sababu almasi yake imekatwa wima kama ngao ya ndoa. Vibandiko hivi ni vichache kuliko vya wanaume, nami huvithamini zaidi, maana vinaonyesha mwanamke aliyekuwa na vitabu kwa jina lake.

Ndoa husaidia pia kukadiria mwaka. Mfano bora ni kibandiko ambacho Albrecht Dürer alimchorea rafiki yake Willibald Pirckheimer, mwanazuoni wa Nürnberg. Kina ngao mbili zilizosimama pamoja: ya Pirckheimer yenye mti wa mbetula, ambao jina lake la Kijerumani linafanana na mwanzo wa jina la ukoo, na ya Rieter, ukoo wa mkewe Crescentia, yenye nguva wa mikia miwili aliyevaa taji. Crescentia alifariki mwaka 1504, na ni vigumu kudhani kwamba mume angeagiza ngao ya ndoa baada ya hapo, kwa hiyo chapa hiyo huwekwa katika miaka michache ya mwanzo wa karne ya 16. Imeandikwa Sibi et amicis, "kwa ajili yake na rafiki zake". Lakini hizo ngao mbili ni za familia mbili za tabaka tawala la mji, na hilo kila rafiki aliyeazima kitabu alilisoma pia.

Tazama vilevile kama kuna alama ndogo iliyopachikwa juu ya ngao bila kuwa sehemu ya mchoro wake. Kwa Waingereza, mwana wa kwanza hutumia ufito wenye vining'inio vitatu baba yake akiwa hai, wa pili hilali, wa tatu nyota, na wa nne ndege asiye na miguu, ambaye wengi humfasiri kuwa ni mtoto asiye na ardhi ya kukanyaga. Kwa kuwa mwana wa kwanza ndiye aliyerithi ardhi, wadogo walitawanyika jeshini, kanisani na makoloni. Hilali katika kitabu kilichookotwa Mombasa au Tanga ni jambo la kutegemewa kabisa.

Hatua ya sita: rudisha rangi

Vibandiko vingi vilichapwa kwa wino mweusi, lakini rangi zimefichwa ndani ya mistari kwa utaratibu ulioenezwa na Mjesuiti Silvester Petra Sancta mwaka 1638. Vitone ni dhahabu. Sehemu tupu ni fedha, yaani nyeupe. Mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, na iliyovukana wima kwa mlalo ni nyeusi. Mistari ya mshazari inayoshuka kutoka kushoto kwako kwenda kulia kwako ni kijani, na inayoshuka kinyume chake ni zambarau.

Jizoeze kwa kibandiko cha George Washington, ambacho picha zake hupatikana kwa urahisi. Ngao ni tupu, ina fito mbili za mlalo na nyota tatu juu yake, na fito pamoja na nyota zimejazwa mistari ya wima. Kwa hiyo ni nyekundu juu ya nyeupe. Matokeo utayatambua, maana ndiyo bendera ya jiji la Washington, D.C., tangu 1938. Kunguru wa kishungi chake anachomoza kutoka katika taji la majani matatu, lile nililolitahadharisha hapo juu. Kwamba kiongozi wa uasi dhidi ya mfalme alibandika ngao ya wazee wake wa Uingereza vitabuni, na hakuona haya kuendelea nayo, ni jambo la kufikirisha kuhusu jamhuri ile changa na matajiri wake. Kibandiko hicho kilighushiwa katika karne ya 19 ili kupandisha bei ya vitabu ambavyo havikuwa vyake, na hiyo ni sababu nyingine ya kufuata hatua ya pili kwa uangalifu.

Hatua ya saba: kadiria kipindi kwa mtindo wa fremu

Mwaka 1880 John Leicester Warren, ambaye baadaye alikuwa Lodi de Tabley, alipanga vibandiko vya Uingereza kwa mitindo, na mpango wake bado unafaa. Karibu na mwaka 1700 ngao imezungukwa na vitambaa vizito vilivyochanika kama majani makubwa. Hadi kama 1745 hufuata fremu nzito yenye pande mbili zinazolingana, iliyojazwa nakshi za magamba au wavu. Kuanzia miaka ya 1740 hadi 1770 na kidogo baada yake fremu hupinda upande mmoja, ikawa na kombe za baharini na maua, kwa mtindo uliopewa jina la seremala Chippendale. Mwisho wa karne hiyo ngao huwa na umbo la sepetu, na mashada ya maua na tepe huning'inia kando. Baada ya 1800 huja ngao kavu isiyo na mapambo, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 wachongaji kama Charles William Sherborn waliirudia kwa makusudi mitindo ya Wajerumani wa zamani. Familia ziliendelea kutumia bamba la babu kwa miaka mingi, basi mtindo huonyesha mwaka wa bamba kuzaliwa na hausemi lilitumika hadi lini.

Hatua ya nane: lihoji dai

Sasa uliza kama mwenye kibandiko alikuwa na haki ya ngao hiyo. Jibu linategemea nchi. Ujerumani na Ufaransa watu wa mjini wasio makabaila waliweza kuwa na nembo kihalali. Mwaka 1696 Louis XIV, akiwa na uhaba wa fedha za vita, aliamuru nembo zisajiliwe kwa malipo, na zaidi ya laki moja zikaandikwa, nyingi zikiwa za wafanyabiashara, vyama vya mafundi na hata watu waliopangiwa nembo ili wapate kutozwa. Ngao ya Kifaransa pekee haithibitishi ukabaila.

Uingereza ilikuwa na ulinzi mkali zaidi kwa maandishi. College of Arms, iliyoanzishwa London na Richard III mwaka 1484, hutoa nembo kwa niaba ya mfalme, na kati ya 1530 na 1688 maafisa wake walizunguka majimbo wakikagua nani anatumia ngao bila haki, wakiwa na mamlaka ya kuziharibu ngao za uongo na kuwatangaza wenye nazo hadharani. Ziara hizo zilikoma baada ya 1688. Zingatia hesabu hiyo: karne ya 18, ambayo ndiyo iliyofurika vibandiko, ndiyo karne ambayo mkaguzi hakupita tena. Tajiri mpya wa pamba, sukari au sheria angeweza kumwendea mchongaji, akampa jina lake, na mchongaji akatafuta familia ya zamani yenye jina kama hilo na kumchongea ngao yake. Uskoti mambo yalikuwa tofauti, kwa kuwa Lord Lyon, afisa mkuu wa nembo wa huko, ana daftari rasmi la tangu 1672 na mahakama yake hadi leo.

Kwa hiyo, ukiwa na jina, anza na orodha kubwa ya Bernard Burke ya 1884, iliyopangwa kwa majina, ukikumbuka kwamba alipokea madai mengi bila kuyathibitisha. Ukiwa na ngao isiyo na jina, tumia orodha ya Papworth ya 1874, iliyopangwa kwa michoro. Kisha linganisha na mkusanyiko wa Sir Augustus Wollaston Franks, ulioachwa kwa British Museum mwaka 1897, wenye makumi ya maelfu ya vibandiko. Usidanganyike na stakabadhi ya kodi. Uingereza ilitoza kodi ya kutumia nembo kuanzia 1798 hadi katikati ya miaka ya 1940, na kwa sheria ya 1869 aliyechora nembo garini alilipa pauni 2 na shilingi 2 kwa mwaka, wengine pauni 1 na shilingi 1. Mtoza kodi hakuuliza kama nembo ni yako. Aliuliza kama unaitumia.

Hatua ya tisa: uliza mali ilitoka wapi

Waandishi wengi wa fani hii huishia kwenye uzuri wa mchongo. Mimi siwezi, na sidhani msomaji wa Afrika anapaswa kuishia hapo. John Hawkins, Mwingereza aliyewateka na kuwauza Waafrika ng'ambo ya Atlantiki, alipewa nembo mwaka 1565 ambayo kishungi chake ni nusu mwili wa Mwafrika aliyefungwa kamba. Biashara yake haikufichwa; ilipandishwa juu ya kofia ya chuma kama fahari. Wengine walikuwa kimya zaidi. Christopher Codrington, ambaye ukoo wake ulikuwa na mashamba ya miwa Barbados yaliyolimwa na watumwa, aliachia chuo cha All Souls cha Oxford pauni 10,000 kwa ajili ya maktaba alipofariki mwaka 1710. Wenye mashamba wengi wa visiwa vile waliagiza vibandiko vyao London, vyenye ngao na kaulimbiu za uadilifu, na hakuna muwa hata mmoja utakaouona ndani yake. Ukishapata jina na mahali, tafuta shamba, meli na ofisi ya mwenye nacho, kisha uandike ulichokikuta kando ya maelezo ya ngao.

Hatua ya kumi: tafuta majeraha, kisha andika kumbukumbu

Rudi kwenye picha uliyoipiga kwa mwanga wa ubavuni. Taji lililokwanguliwa katika kibandiko cha Kifaransa huenda lina uhusiano na Juni 1790, Bunge la mapinduzi lilipofuta ukabaila, vyeo na nembo, na wenye vitabu wakawa na sababu ya kuogopa walichokuwa wakijivunia mwaka mmoja nyuma. Jina lililofutwa huku ngao ikiachwa huashiria mrithi aliyetumia karatasi za marehemu. Ukingo mnene kuliko kawaida humaanisha kuna kibandiko kingine chini yake, cha familia iliyouza maktaba kwa hii iliyobandika juu.

Katika kumbukumbu yako andika kwa mpangilio huu: vipimo kwa milimita, namna ya uchapaji, maandishi yote, rangi ya uwanja wa ngao kwanza na vitu vilivyomo baadaye, kishungi, taji na washika ngao kama wapo, mtindo na kipindi unachokadiria, jina la kitabu na mwaka wake. Jina la mwenyewe liandike mwisho, na mbele yake weka neno moja kati ya haya matatu: "imethibitishwa", "inawezekana" au "anadai". Ikiwa kuna kibandiko cha pili chini, kiache kilivyo na uandike tu kwamba kipo.